Wimbo wa taarabu "unaokusema"

Kabla hujasema wimbo unakusema wewe, uandike. Sikiliza ubeti kwa ubeti, kiitikio kiache mwisho. Ndicho kinachopoteza wengi, maana kitamu na kinashikika upesi, kumbe fumbo limelala kwenye beti. Nyimbo nyingi za kale zina ubeti wa mistari 3, kila mstari vipande viwili vya mizani (silabi) 8. Mizani ikipungua, kuna neno hukulisikia sawasawa. Rudia.

Kisha uliza: nani anasema, na anamwambia nani? Weka mtu wako hapo. Akikaa beti zote, wimbo ni wako kweli. Akikaa mstari mmoja tu, jamani, usiinuke kwenda kumtunza mwimbaji kwa noti. Ukumbi mzima utajua unamrushia nani, na yeye naye kaja na noti zake.