Askari akipandwa na hasira, nani anamwambia acha?

Kila ikisambaa video ya polisi anampiga mtu watu tunauliza lile lile, huyu alizaliwa na roho mbaya au kazi ndio imemharibu? Mimi nadhani tunamkodolea macho mtu mmoja mno, waangalieni na wale waliosimama pembeni yake.

Wengi hapa wanakimbilia lile jaribio la Chuo Kikuu cha Stanford, Marekani, la 1971, mwanasaikolojia Philip Zimbardo alichukua vijana wa chuo akawafanya wengine askari magereza na wengine wafungwa, ilikuwa iende wiki mbili ikakatishwa siku ya 6. Baadaye zikatoka rekodi kuonyesha kwamba wale askari walihimizwa wawe wakali, kwa hiyo siwezi kulitumia kudai kwamba yeyote ukimvisha yunifomu atageuka mnyama. Ila kuna kitu watu wanakiruka, hata mle ndani sio wote walikuwa wakatili, wapo waliokuwa wapole kwa wafungwa lakini hawakuwazuia wenzao. Aliyefanya lisimamishwe ni mtu aliyekuja kutoka nje, Christina Maslach, alipoona yanayoendelea akamwambia Zimbardo wazi kabisa kwamba wanachowafanyia wale vijana ni kitu kibaya.

Stanley Milgram naye, mwanasaikolojia mwingine, alianza majaribio yake ya utii 1961 pale Chuo Kikuu cha Yale, watu waliagizwa kumpiga mwenzao shoti za umeme (hazikuwa za kweli ila wao hawakujua) na kati ya 40, 26 walifika mpaka volti 450. Hii inajulikana. Inayosahaulika ni kwamba alipoweka pembeni watu wawili aliowapanga wagome kuendelea, waliofika mwisho walibaki 4 tu kati ya 40. Jamani, binadamu ni wale wale na amri ni ile ile!

Sasa rudi kwa polisi. Mtu mwenye pingu, silaha na uwezo wa kukulaza ndani anazoea kutiiwa, siku nzima ni ndio afande, ndio afande, na taratibu bila yeye kujua anaacha kuuliza huyu raia amevunja sheria gani anaanza kuuliza huyu ananidharau? Hapo ndipo pabaya kuliko pote. Ukimuuliza nimekosa nini anasikia ukaidi, ukitoa simu kurekodi anasikia vita, na mtu anaishia kupigwa kwa sababu ya maneno wakati lile kosa la mwanzo hata halikumbukwi tena. Na akishapandisha hasira, raia hana uwezo wa kumshusha, akijaribu anaongeza moto. Anayeweza ni askari mwenzake.

Ila mwenzake naye ana mkubwa. Minneapolis, Marekani, 2020, polisi Derek Chauvin aliyekuwa na miaka 19 kazini alimkandamiza George Floyd kwa goti zaidi ya dakika 9, Floyd akafa, na pale walikuwepo askari wawili wenye siku chache tu kazini. Mmoja aliuliza kama wamgeuze Floyd alale kwa ubavu, akajibiwa hapana, akauliza tena, basi ikaishia hapo. Naumia sana kila nikilifikiria hili kwa sababu aliona, akasema, ila alisema kama mtu anayeomba ruhusa.

Polisi wa New Orleans, huko huko Marekani, walianzisha mafunzo ya askari namna ya kumzuia mwenzao, na sehemu ya somo ni kwa yule anayezuiwa, akiguswa na mwenzake akae pembeni bila kuona ameaibishwa, hata kama aliyemgusa ni mdogo wake kwa cheo. Hicho ndicho nataka kuona polisi wanafundishwa, tena kwa mazoezi ya vitendo, sio karatasi ya haki za binadamu inayosomwa siku moja ikafungiwa kabatini. Na kamanda yeyote akiniambia kwake wanafanya hivyo, nitamuuliza askari mdogo wa mwisho aliyemzuia mkubwa wake yuko wapi leo, amepandishwa cheo au amehamishwa?