Deni la Pakiti Mbili

Leo asubuhi nimefagia vipande vya krispsi chini ya kitanda, kwenye droo ya meza, hata ndani ya kiatu. Nimeona afadhali niandike kabla sijasahau vilifikaje huko.

Rafiki yangu wa tangu chuo anaishi Pennsylvania, mwaka wa saba huu. Mwezi uliopita alikuja likizo, na nusu ya begi lake ilikuwa krispsi. Aliniambia kule karibu kila mji una zake, na watu hubishana juu yake kama sisi Mombasa tunavyobishana biriani ya nani ndiyo biriani. Kuna Herr's, kuna Martin's, kuna Middleswarth, na kuna Utz ya mji wa Hanover. Akanipa pakiti mbili za Utz.

Nilipozipokea zilikuwa zimefura kama ngoma. Nikazibonyeza, zikakataa kubonyea. Jambo hili nalijua kwa upande wa pili: kila ninaponunua krispsi Nairobi na kumpelekea mama Mombasa, zikifika pwani pakiti imesinyaa, utadhani kuna mtu kaifungua njiani akala zake tatu. Nairobi iko juu, karibu mita 1,800 kutoka usawa wa bahari, na hewa ya huku ni nyepesi. Iliyofungiwa huku ikiteremka inabanwa. Iliyofungiwa bondeni ikipanda inatanuka. Mama hajawahi kuukubali ushahidi huu. Kwake yeye mwizi ni mimi.

Pakiti ya kwanza iliandikwa kaa, na mimi mtoto wa pwani nikajua leo nimekumbukwa. Kumbe ndani hamna kaa hata ukucha. Ni viungo tu ambavyo watu wa pande za ghuba ya Chesapeake huwanyunyizia kaa wao. Chumvi inatangulia, halafu kuna ukali wa mbali unaokuja ukishameza. Nilizipenda, ingawa kila kipande kilinikumbusha kwamba hakuna kaa.

Ya pili waliiita ya bibi, Grandma Utz's. Nikaigeuza nyuma kusoma kilichomo, tabia niliyopewa na mama kabla sijajua hata kuhesabu, nikakuta zimekaangwa kwa mafuta ya nguruwe. Nikairudisha mezani polepole. Mwenzangu ninayeishi naye, mtu wa Kakamega, akaivuta upande wake bila neno. Aliimaliza yote huku akinitangazia kama mpira wa redioni: "Ni nzito kidogo... sasa inavunjika... eh, hii ina utamu wa nyama kwa nyuma!" Sijawahi kuonea wivu kitu nisichokitaka kiasi kile.

Kwetu sahani ya jirani hairudi tupu. Rafiki yangu alikuwa na wiki tatu kabla ya safari, nami nikaapa ataondoka na krispsi ambazo akiziweka mezani Pennsylvania, mtu akionja aulize zimetoka wapi.

Nilianza na za dukani. Tropical Heat ni ya hapa hapa Nairobi, na ile ya pilipili na limau bado naiheshimu: uchachu unakupiga kwanza, kisha pilipili inaingia wakati ulimi umeshalegeza ulinzi. Nilipompa akacheka. "Hizi nilizila tripu ya shule, ndugu yangu. Haihesabiki." Urban Bites ya chumvi tupu nayo nikaionja, nyembamba, safi, imetulia mno, kama mgeni aliyekalia ukingo wa kiti. Duka moja ambalo sitalitaja liliniuzia pakiti iliyokuwa imeanikwa dirishani siku nyingi, juani. Tarehe yake ilikuwa sawa, lakini nilipoifungua ikanuka mafuta yaliyochacha. Mwanga na joto haviogopi tarehe. Niliirudisha, nikaambiwa nimekwisha kuifungua.

Dada mmoja wa ofisini alikuwa ametoka Kigali, akanigawia Winnaz, zinazotengenezwa Musanze, kule chini ya milima ya volkano ambako viazi vya Rwanda vinakubali sana. Hizi zilinishtua. Zilikuwa na ladha ya kiazi! Nilikuwa nimekula pakiti kama tisa hivi bila kukumbuka kwamba ninachokula ni kiazi. Nikaanza kushuku kwamba muda wote nilikuwa naonja unga wa juu tu.

Ndipo nikamkumbuka mama wa South B. Ana kibanda nyuma ya steji ya matatu, karai moja kubwa, na mifuko ya nailoni isiyo na jina, shilingi hamsini mmoja. Nimenunua kwake mara nyingi nikipita, bila kusimama. Safari hii nikasimama. Kwa kuwa niliuliza sana, akaniambia nije Jumamosi asubuhi nijionee.

Nilifika saa mbili. Anaziita waru, mimi naziita mbatata, na tulielewana hivyo hivyo. Viazi vyake vilikuwa na ganda jekundu na macho yaliyozama. Ni Robijn, akasema, aina ya zamani iliyotoka Uholanzi, inayolimwa sana Bomet. Shangi, ambayo ndiyo imejaa sokoni, hapendi kuikaangia krispsi. "Shangi inaiva haraka, ni ya mukimo na chipsi. Krispsi inataka waru isiyo na maji."

Alivikata kwa kikatio cha mkono, vipande vikaanguka kwenye beseni la maji, na maji yakageuka meupe kama tui la pili. Huo ni wanga. Akayamwaga, akatia mengine, akamwaga tena, mpaka ukaona chini ya beseni. Usipouosha, vipande vinashikana na vinaungua kingo kabla ya katikati kukauka. Kisha akavitandaza juu ya shuka kuukuu, akavipapasa kwa kitambaa kama anayempangusa mtoto.

Vilipoingia kwenye karai palikuwa na kelele, povu juu hadi ukingoni. Nikawa natazama rangi. Akanikemea: "Kastoma, usiangalie. Sikiliza." Nikasikiliza. Kelele ile ni maji yanayotoka kwenye kiazi. Ikaanza kupungua, ikawa kama mvua inayoondoka mtaani, halafu mchirizo, halafu kimya. Zikinyamaza, zimeiva. Akaziopoa saa hiyo hiyo, chumvi, pilipili ya kusaga, basi. Kilo nne za viazi zinakupa kama kilo moja ya krispsi. Kilichobaki chote kimepaa kwenye lile povu.

Mwanawe alikuwa nje na pikipiki, anangoja mifuko ya kupeleka madukani Nairobi West. Nikafikiria nilichokisoma juu ya Utz: mwaka 1921 Salie Utz alikuwa akikaanga jikoni kwake Hanover, ratili kama 50 kwa saa, na mumewe Bill ndiye aliyezunguka kuziuza. Nilimweleza mama yule. Akauliza walipata wapi mtaji wa karai la pili. Sikuwa na jibu.

Nilikula nikiwa nimesimama, za moto, ulimi ukaungua. Zilikuwa na ladha ya kiazi, na moshi kidogo, na pilipili isiyoomba ruhusa. Nikasema hapa ndipo. Nikaagiza kilo mbili, nije kuzichukua siku moja kabla ya safari, na jioni ile nikamsifia rafiki yangu mpaka nikajichosha mwenyewe.

Siku ikafika. Nikafungua mfuko wa kwanza pale pale kibandani, na ndani krispsi zilikuwa za kahawia, nyingine kama ngozi ya kiatu. Nikaonja. Tamu kwanza, halafu chungu. Nikamtazama mama, naye hakuzungukazunguka. Robijn iliadimika sokoni wiki nzima, akapata Shangi, tena iliyokaa kwenye baridi. Kiazi kikikaa kwenye baridi, sehemu ya wanga wake hugeuka sukari, na sukari ikikutana na mafuta ya moto hupata rangi mbio, kabla maji hayajaisha. Yeye hakuieleza hivyo. Alisema, "Hii waru imejua kulala," akanipunguzia shilingi mia.

Nilikuwa na hasira, sitaficha. Nilikuwa nimeshajigamba. Jioni nikafikiria kukimbilia supamaketi kununua pakiti ishirini za jina kubwa na kufunga mdomo. Nikafikiria pia kumpigia mama Mombasa aniwekee kachri za muhogo kwenye basi la usiku, zile za pale Lighthouse na pilipili na ndimu, maana hizo hazijawahi kuniangusha. Lakini kachri ni za Mombasa, na ahadi yangu ilikuwa ya Nairobi. Na nikiwa pale kitandani na mfuko wazi kifuani, nikitafakari aibu yangu, mkono ulikuwa unaingia na kutoka. Ndiyo sababu ya vipande nilivyofagia leo.

Kuna kitu ndani ya zile za kahawia. Si uzuri. Lakini za Jumamosi ile zilikuwa kitu kimoja na hizi kitu kingine, mama yule yule, karai lile lile, na tofauti yote ni kilichoshushwa sokoni asubuhi ile. Zile za pakiti inayong'aa nilizokula tangu utoto hazijawahi kuniambia chochote kuhusu wiki iliyopita Bomet. Nikaamua nimpe kama zilivyo. Kilo moja na robo, kwa usahihi, kwa sababu ya ule mkono.

Nilimpa kwenye maegesho ya uwanja wa ndege, nikamweleza kila kitu, hadi ile waru iliyojua kulala. Alionja moja, akanyamaza, akaonja ya pili. "Zimeungua," akasema. Nikamwambia najua. Akazitia kwenye begi la mkononi, akaenda.

Jana usiku ameniandikia. Zimefika zote zimekuwa unga. Wameumwagia juu ya mayai asubuhi, na mke wake anauliza kama hiyo pilipili inauzwa peke yake.