Nilivyojenga kazi yangu ya kufundisha watoto wenye usonji

Kazi hii ya kufundisha watoto wenye usonji (autism, hali ya ukuaji wa ubongo inayogusa mawasiliano na tabia) nimeijenga kwa daftari. Vyeti ninavyo, na bila vyeti hupangiwi kitengo, yaani darasa la elimu maalumu ndani ya shule ya kawaida. Lakini kilichofanya mwalimu mkuu, wazazi na wathibiti ubora waniamini ni kwamba naweza kufungua ukurasa na kuwaonyesha mtoto alikuwa wapi mwezi wa pili na yuko wapi mwezi wa tano.

Habari ya vyeti ni fupi. Nilianza kama mwalimu wa kawaida wa shule ya msingi, kisha nikaenda Chuo cha Ualimu Patandi, Arusha, kusomea elimu maalumu upande wa ulemavu wa akili. Walio Kenya wana KISE, Taasisi ya Elimu Maalumu ya Kenya, pale Kasarani, Nairobi, iliyoanzishwa mwaka 1986, na Uganda kuna Chuo Kikuu cha Kyambogo. Kabla ya kuomba chuo chochote, omba ruhusa ukae kitengoni mwezi mzima kama msaidizi: lisha, osha, fukuzana na mtoto anayekimbilia getini. Kama moyo wako hautaki, ujue mapema, maana watoto hawa hawastahili mwalimu anayehesabu siku za uhamisho.

Ukishapangiwa darasa, usianze na herufi. Jambo la kwanza ninalouliza kwa kila mtoto asiyeongea ni kama amepimwa masikio. Mtoto asiyesikia naye hageuki akiitwa jina, na nimeona watoto wakiitwa wenye usonji bila mtu kuwapima usikivu. Nauliza pia kuhusu degedege na kifafa, kwa sababu kifafa huambatana na usonji mara nyingi kuliko kwa watoto wengine, na mwalimu lazima ajue la kufanya kabla mtoto hajaanguka. Kumtangaza mtoto kuwa ana usonji si kazi yangu. Dodoso la M-CHAT la kuchuja dalili za usonji, lenye maswali 20, limetengenezwa kwa watoto wa miezi 16 hadi 30, nalo linaonyesha tu nani apelekwe kwa daktari. Mtoto wa miaka 7 halimhusu.

Baada ya hapo ni mawasiliano. Mtoto asiye na njia ya kusema “nataka maji” atasema kwa meno na kucha. Ninatumia kubadilishana picha, njia ya PECS waliyoianzisha Bondy na Frost nchini Marekani mwaka 1985. Kadi nazikata sentimita 5 kwa 5, kwa hiyo karatasi moja ya A4 hutoa kadi 20. Kosa la kwanza la wengi ni kupeleka karatasi nzima steshenari ipigwe laminesheni, halafu ndipo wakate. Ukikata hivyo ukingo unabaki wazi, mate yanaingia, na baada ya wiki mbili picha imevimba. Kata kadi kwanza, zipange zikiachana, zipigwe laminesheni, kisha kata tena ukiacha milimita 4 za plastiki pande zote. Umeme ukikatika au hela hakuna, selotepu pana pande zote mbili inafaa, ila itabidi uirudie kila baada ya wiki chache. Nyuma ya kadi bandika ule mkanda wa kunasa kama wa viatu vya watoto. Mimi naweka upande laini kwenye kadi na mgumu kwenye ubao wa kubandikia kadi, na darasa zima tunafuata mpangilio huo mmoja, la sivyo kadi za mwalimu mmoja hazishiki kwenye ubao wa mwingine.

Hatua ya kwanza ya PECS inahitaji watu wazima wawili, na hapa ndipo vitengo vingi hukwama. Mmoja anakaa mbele ya mtoto akiwa na kitu mtoto anachokipenda kweli (karanga, mpira, kipande cha chungwa), mwingine anakaa nyuma. Mtoto akinyoosha mkono kukitaka, wa nyuma anauongoza mkono uokote kadi na kuiweka kwenye kiganja cha wa mbele, na papo hapo wa mbele anatoa karanga huku akitaja: “Karanga!” Wa nyuma haongei kabisa. Wa mbele haulizi “unataka nini?” wala hasemi “nipe kadi”, kwa sababu ukisema hivyo mtoto anajifunza kungoja kuulizwa, na baadaye nyumbani atakaa na kiu akisubiri swali. Msaada wa mkono unapunguzwa kidogo kidogo: kiganja, kifundo, kiwiko, kisha kugusa bega tu. Nikiwa sina msaidizi namwomba mama anayemleta mtoto abaki dakika 20 za kwanza. Majaribio 10 wakati wa uji wa saa nne yana maana kuliko 50 mezani mtoto akiwa ameshiba.

Wazazi wengi huogopa kwamba kadi zitamfanya mtoto aache kujaribu kuongea. Tafiti hazionyeshi hivyo. Mama akiniuliza, “Mwalimu, mwanangu ataongea lini?” namjibu, “Mama, tarehe sina. Lakini kabla ya likizo nataka aweze kukuomba maji bila kulia, na nitakuonyesha namna ya kufanya nyumbani.” Sijawahi kuahidi zaidi ya hapo. Wapo wanaouza dawa na vyakula vya kuponya usonji, na wapo wanaomwambia mama kuwa karogwa au kamkosea Mungu. Ninamwambia wazi kwamba si kosa lake, wala si chanjo. Maneno hayo yanahitaji kurudiwa, tena baba akiwepo.

Sasa daftari lenyewe. Kwa tabia ngumu ninachora safu nne: saa, kilichotangulia, alichofanya, kilichofuata. Ninajaza siku 5 bila kubadilisha chochote, kisha ndipo nasoma. Chukua mtoto anayejiuma mkono. Ukiona “kilichotangulia” karibu kila mara ni kengele ya kuingia darasani, na “kilichofuata” ni kuachwa nje na matroni, basi kujiuma kunamwondolea darasa. Kumkemea hakutasaidia, na kumtoa nje kama adhabu ni kumpa anachokitaka. Anahitaji ratiba ya picha inayomwonyesha kinachofuata, onyo dakika 2 kabla ya kengele, na kadi ya “pumzika” anayoweza kuitoa badala ya kujiuma. Mtoto mwingine anajiuma vilevile, lakini sababu ni jino bovu. Ndiyo maana maumivu nayachunguza kwanza: meno, masikio, tumbo, choo kigumu.

Ukishaacha kuipa tabia kile ilichokuwa ikipata, kwa kawaida inapanda kwanza ndipo ishuke. Waambie wenzako na wazazi kabla hujaanza. Wasipojua, siku ya tatu mmoja atahurumia na kumpa, na mtoto atakuwa amejifunza kwamba inabidi alie zaidi. Na kama tabia inaweza kumjeruhi, usiipuuze kamwe. Mlinde mwili wake huku ukimfundisha njia nyingine.

Malengo ya mpango wa elimu wa kila mtoto nilijifunza kuyaandika upya. “Ataboresha mawasiliano” halipimiki. Ninaandika hivi: “Wakati wa uji, kikombe kikiwa mbele yake, atampa mwalimu kadi ya uji bila kushikwa mkono, mara 8 kati ya 10, siku 3 mfululizo.” Lengo kama hilo hata mwalimu mgeni anaweza kulipima. Malengo 3 kwa muhula yanatosha. Nilipoyaona 12 kwenye faili moja, nilijua hakuna hata moja linalofundishwa.

Stadi za kujihudumia nazifundisha kuanzia mwisho. Kunawa mikono kwenye ndoo ya koki nakugawa hatua 8. Namsaidia 7 za kwanza, ya mwisho (kufunga koki) anafanya mwenyewe, na kila mara anamaliza akiwa ameshinda. Akiimudu namwachia ya 7 na ya 8. Kwa choo, naandika kila nusu saa kama nguo ni kavu au imelowa, kwa siku 3, kisha nampeleka dakika 10 kabla ya saa yake ya kawaida. Kumpeleka kila saa bila kuandika ni kuchosha watu wawili bure.

Kukua katika kazi kulikuja kwa kuomba kukaa na wenye fani nyingine. Wataalamu wa tiba kwa vitendo (occupational therapy), ambao hufundishwa hospitali ya KCMC, Moshi, walinionyesha kwamba mtoto ambaye miguu yake inaning’inia kitini hawezi kutulia. Tofali moja chini ya miguu lilifanya kazi ambayo nilidhani ni ya nidhamu. Faili langu la kazi, ninalokwenda nalo kwenye usaili na semina, lina grafu, nakala za malengo na picha za vifaa. Jina na sura ya mtoto havimo, hata kama mzazi ameridhia kwa mdomo.

Ninapopata uhamisho, kwa kila mtoto naacha ukurasa mmoja wa juu, ulioandikwa kwa mkono unaosomeka: anachopenda kuliko vyote, anachokiogopa, kadi anazozijua, kiwango cha msaada wa mkono alichofikia kwa kila lengo, dawa na saa zake, na dalili tatu zinazotokea kabla hajalipuka. Nakala moja inabaki ofisini, nyingine nampa mzazi mkononi.