Siku yangu katika wodi ya kumbukumbu

Saa 1 asubuhi. Nimepokea ripoti ya usiku, nikaenda moja kwa moja kitanda cha mwisho.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu. Sijalala. Usiku kucha tulikuwa tunapakua mizigo bandarini."

Ana wiki sita hajatoka wodini. Ananitazama usoni bila kupepesa macho, na mabega anayakanda kama mtu aliyebeba magunia kweli. Huyu hasemi uongo. Ana ugonjwa wa Korsakoff, uliopewa jina la daktari Mrusi aliyeueleza mwishoni mwa miaka ya 1880. Vitamini B1 ikikosekana mwilini, mara nyingi kwa ulevi wa miaka mingi, lakini hata kwa njaa au kutapika kusikokoma, sehemu za ndani kabisa za ubongo huumia. Mambo mapya hayashiki tena. Penye pengo ubongo huweka kiraka, na kitambaa chake ni maisha yenyewe: mzee alikuwa kuli kweli, zamani.

Saa 3. Dawa, kuoga, vidonda. Asubuhi za kawaida.

Saa 5. Binti yake amefika. "Baba, si nilikuja jana na wajukuu?" Anampima.

"Ndiyo! Walicheza pale dirishani."

Jana hakuja mtu. Binti akatokwa na machozi, nami nikamvuta kando. Nilimweleza kwamba swali la namna ile linampandikizia baba picha, na sisi wazima hatujanusurika. Mwaka 1974, mwanasaikolojia Elizabeth Loftus na mwenzake walichapisha jaribio ambalo waliwaonyesha watu filamu ya ajali ya magari. Wiki moja baadaye, katika 50 walioulizwa kuhusu magari "yaliyopondana", 16 walisema waliona vioo vilivyovunjika. Katika 50 wengine, walioulizwa kuhusu magari "yaliyogongana", walikuwa 7. Vioo havikuvunjika.

Akarudi kitandani. "Baba, jana ilikuwaje?"

"Sikumbuki, mama." Afadhali hivyo, mara mia.

Saa 8 mchana. Kwenye faili mtu ameandika "mgonjwa ni mwongo". Nimemfuata, tumezungumza, amefuta. Neno hilo lingemtangulia mzee kila aendako.

Saa 10. Daftari. Mzee anasoma mwandiko wake, kidole chini ya mstari: "Leo binti yangu alikuja. Peke yake." Akafunua ukurasa wa nyuma, akatafuta.

"Mbona mizigo haijaandikwa?"

Nikavuta kiti. "Mzee, nisimulie. Hiyo kazi uliianza ukiwa na umri gani?"