Kalsiamu ilivyonitoa jasho

Kwa miaka mingi wodini kazi yangu ilikuwa kuipeleka namba ya majibu ya vipimo. Maabara wakipiga simu, naandika, nampigia daktari, nasoma, nasubiri maagizo. Nilipopata ruhusa ya kuchunguza wagonjwa, kuagiza vipimo na kuandika dawa mwenyewe, namba zikaanza kuletwa kwangu, na hakukuwa tena na wa kumpigia. Potasiamu sikuiogopa, wala sukari. Kalsiamu ndiyo iliyonitoa jasho.

Ya kwanza ilikuwa 1.95. Mgonjwa alikuwa mzee wa ugonjwa wa ini, miguu imevimba, lakini ametulia, anapiga soga. Kiwango cha chini kwenye karatasi yetu kilikuwa milimoli 2.15 kwa lita, nami nilishaanza kuandika kalsiamu ya kupitia mshipa. Daktari niliyekuwa chini ya uangalizi wake akapita nyuma yangu, akauliza, “Sista, albumini yake ngapi?” Ilikuwa 22.

Karibu nusu ya kalsiamu ya kwenye damu husafiri ikiwa imebebwa, na mbebaji mkuu ni albumini, protini ya kwenye damu. Inayofanya kazi kwenye misuli, neva na moyo ni ile iliyo huru. Mbebaji akipungua, jumla inashuka hata kama ile huru haijaguswa. Hesabu tunayotumia ni kuongeza 0.02 kwa kila gramu ya albumini kwa lita iliyopungua kutoka 40. Huyu mzee alipungukiwa na gramu 18, kwa hiyo unaongeza 0.36, unapata 2.31. Hakuwa na shida yoyote ya kalsiamu. Nilifuta agizo langu kimyakimya.

Hesabu hiyo nayo ina mipaka yake. Kwa mgonjwa mahututi, au ambaye asidi ya damu yake imevurugika, naomba kalsiamu huru ipimwe yenyewe. Mtu anayehema kwa hofu mpaka vidole vinamwasha anaweza kuwa na jumla nzuri kabisa huku ile huru imeshuka.

Tangu siku hiyo kila namba ya kalsiamu naanza kwa kuishuku. Kamba ya mkononi ilifungwa muda mrefu wakati wa kutoa damu? Hiyo peke yake inaweza kuipandisha. Kalsiamu imeporomoka na papo hapo potasiamu imepaa, kwa mtu anayetembea na kucheka? Huenda damu ilipitia kwenye kichupa cha kifuniko cha zambarau, ambacho dawa yake ya kuzuia damu isigande hunasa kalsiamu na yenyewe ina potasiamu. Narudia sampuli kabla ya kurukia matibabu.

Aliyenifundisha zaidi, hata hivyo, ni mama mmoja aliyekuja kwa ajili ya presha. Kalsiamu 2.78, juu ya kawaida, albumini sawa. Nikarudia: 2.76. Nikapekua faili nikakuta 2.68 ya miaka miwili nyuma, haijasemwa lolote. Nikaagiza homoni ya parathiroidi. Majibu yakarudi bila nyota ya kuonya, katikati ya kiwango cha kawaida, nami nikapumua. Nikaandika “homoni ni ya kawaida, arudie baada ya miezi sita.”

Nilikosea, na bado kosa hilo linaniuma. Tezi za parathiroidi kazi yake ni kupandisha kalsiamu inapokuwa chini. Ikiwa juu, zinapaswa kunyamaza, homoni iwe chini kabisa. Ukimkuta mtu anachochea kuni huku sufuria linafurika, huwezi kusema anachochea kiasi cha kawaida. Maabara haiweki nyota kwa sababu inaitazama homoni peke yake, haiilinganishi na kalsiamu iliyo mstari wa juu. Kulinganisha ni kazi yangu.

Nilimpigia simu arudi mapema. Safari hii nikauliza yale niliyopaswa kuuliza mwanzo. Kiu? Ndiyo, na usiku anaamka kukojoa mara tatu, akidhani ni uzee. Choo kigumu. Mawe ya figo, aliwahi. Dawa yake ya presha ilikuwa ya kundi la thayazidi, ambalo huzuia kalsiamu isitoke kwenye mkojo, basi nikaibadilisha. Hata hivyo baada ya wiki kadhaa kalsiamu ilibaki juu. Dawa ya lithiamu, ambayo nayo huweza kuipandisha, hakuwa akitumia. Nikaagiza mkojo wa saa 24, maana kuna familia zinazorithi kalsiamu ya juu isiyo na madhara makubwa, mkojo wao hubeba kalsiamu kidogo sana, na hao kuwapeleka kwa mpasuaji ni kuwaonea. Wake ulikuwa na nyingi. Nikamwandikia barua ya kwenda kwa daktari bingwa wa upasuaji wa tezi.

Kama homoni yake ingekuwa imezimika, njia ingekuwa nyingine: saratani kwanza, halafu vitamini D iliyozidi, kifua kikuu na ndugu zake. Na kama kalsiamu ingekuwa imevuka 3.5, au amechanganyikiwa, tusingekaa kutafakari homoni; angekwenda hospitali saa hiyo hiyo, dripu ya maji ya chumvi itangulie.

Upande wa chini nao una mtego wake. Nilimpa bwana mmoja vidonge vya kalsiamu na vitamini D kwa wiki nyingi, namba haikusogea. Alikuwa ametumia omeprazoli, dawa ya kupunguza asidi ya tumbo, kwa miaka, nayo huweza kushusha magnesiamu. Magnesiamu yake ilikuwa chini sana, na bila magnesiamu tezi hushindwa kutoa homoni ipasavyo. Tuliporekebisha magnesiamu, kalsiamu ikafuata yenyewe.

Yule mama alipasuliwa. Siku ya nne akanipigia: midomo na ncha za vidole vinamwasha, mguu umekakamaa usiku. Mifupa iliyonyonywa kalsiamu kwa miaka inaweza kuivuta kwa pupa tezi mbaya ikishatolewa, na tezi zilizobaki huwa bado zimelala. Nikamwambia, “Mama, usisubiri kesho, njoo sasa hivi.” Kalsiamu ilikuwa 1.82, na kipimo cha umeme wa moyo kilionyesha ile sehemu ya pigo tuliyoiogopa, iitwayo QT, imeanza kurefuka. Albumini ilikuwa 41. Niliiangalia kabla ya kuwapigia simu timu ya upasuaji.