Watoto tisa wa rangi moja

Saa 12 asubuhi. Ukungu bado umelala juu ya ziwa upande huu wa Entebbe. Kwenye kizimba cha nyoka aitwaye kifutu wa miti namulika tochi, kitu kinasogea majanini. Jike letu la kijani limezaa usiku! Hawa hawatagi, huzaa watoto hai. Nahesabu tisa, wembamba kama kalamu, wote rangi ya zeituni iliyokolea, wana mistari ya mawimbi mgongoni.

Mwenzangu wa zamu amesikitika. "Hata mmoja wa njano hakuna."

"Subiri, kaka. Rangi ya ukubwani huja baada ya miezi 3 au 4." Vifutu wa miti hawa, Atheris squamigera, wengi ni wa kijani, ila wapo wa njano, wa kahawia, hata wenye wekundu. Kubashiri siwezi.

Saa 3, wanafunzi. Wanasimama mbele ya bumslangi, nyoka wa mitini wenye sumu, dume la kijani na jike la kahawia, wakibishana kwamba ni aina mbili. Nawaambia ni mtu na mkewe. Kimya, halafu maswali yanamiminika.

Saa 5 analetwa mgeni: kifutu wa miti wa njano kabisa, ndani ya ndoo iliyofungwa vizuri.

"Mzee, ametoka msitu gani?"

"Nami nilipewa tu njiani, mwanangu."

Mwenzangu anataka tumpandishe kwa jike letu, tupate watoto wa kuvutia. Nimekataa, na tumebishana mpaka chai ikapoa. Nilimpa mfano wa Lampropeltis, nyoka wa Marekani wasio na sumu wanaokula hata nyoka wenzao. Florida kusini wana madoadoa ya njano, kaskazini ni weusi wenye mikanda myeupe kama mnyororo, na katikati ya rasi huzaliwa wenye sura ya pande zote mbili. Mchanganyiko ule ni historia ya ardhi yenyewe. Ukiwachanganya kizimbani utapata nyoka anayefanana nao, lakini hakuelezi lolote kuhusu mahali. Na rangi peke yake hudanganya: California, wa mstari mmoja mgongoni na wa mikanda walihesabiwa aina mbili, hadi miaka ya 1930 mtaalamu wa nyoka Laurence Klauber alipoonyesha kwamba wote huanguliwa kutoka mayai ya mama mmoja.

Saa 10, simu. Nyoka wa kijani yuko kwenye mparachichi, panga liko tayari. Kijani tu? Anaweza kuwa mamba wa Jameson (nyoka mwenye sumu kali, si mamba wa majini), bumslangi dume, au nyoka wa vichakani asiye na madhara yoyote. "Dada, msisogee, msimpige. Tunakuja." Tulipofika alikuwa ameshaondoka. Nilishukuru.

Saa 1 usiku naandika daftari. Watoto tisa, tarehe, mama na msitu alikotoka. Kwa mgeni wa njano: "Asili haijulikani." Kizimba chake nimekiweka safu ya mwisho, mbali na jike.