Sikio Lisilopona kwa Dawa ya Matone

Kila ninapompokea mgonjwa wa makamo au mzee ambaye sikio lake limetoa usaha kwa miezi mingi, naye amekwisha kumaliza chupa kadhaa za dawa ya matone bila kupata nafuu, hujiuliza kama ndani ya njia ya sikio hilo hamna saratani. Mara nyingi huwa haimo, kwa sababu saratani zinazoanzia humo ni adimu mno na hukadiriwa kumpata takribani mtu 1 katika kila watu milioni 1 kwa mwaka. Lakini uadimu huo ndio unaowaponza wachache wanaoipata, maana usaha, maumivu, muwasho na kuziba kwa sikio ni dalili zilezile za maambukizi ya kawaida yanayoonekana kila siku katika zahanati zetu, na mtu hutibu kile alichozoea kukiona.

Yapo mambo ambayo hunifanya nisimwandikie mgonjwa matone mengine. La kwanza ni damu iliyochanganyika na usaha. La pili ni maumivu makali ya ndani, hasa ya usiku, yasiyolingana na uvimbe mdogo unaoonekana kwa macho. La tatu ni kinyama chekundu kilichoota kwenye ukuta wa njia ya sikio na ambacho hakinyauki licha ya kusafishwa na kutibiwa vizuri. Uso ukishapooza upande mmoja, ugonjwa kwa kawaida umekwisha kwenda mbali.

Kwenda mbali huko kunatokana na umbile la mahali penyewe. Njia ya sikio la mtu mzima ina urefu wa sentimita 2.5 hivi, theluthi yake ya nje imejengwa kwa gegedu, na sehemu iliyobaki ni mfupa uliofunikwa na ngozi nyembamba sana. Gegedu hiyo ina nyufa za asili, zinazoitwa nyufa za Santorini, ambazo saratani huzipenya ikafika kwenye tezi la mate lililo mbele ya sikio, huku upande wa ndani na wa nyuma kukiwa na mfupa wa mastoidi (ule ulio nyuma ya sikio), neva ya uso, mshipa mkubwa unaopeleka damu kwenye ubongo na utando wa ubongo.

Uthibitisho hupatikana kwa kukata kinyama na kukipeleka maabara ya patholojia, wala kuotesha usaha ili kutafuta vijidudu hakuwezi kushika nafasi ya kipimo hicho. Hapa nasisitiza kwa moyo wote: kinyama kilichokatwa juujuu huweza kuonyesha uvimbe wa maambukizi tu ilhali saratani imelala chini yake, kwa hiyo jibu likirudi safi na sikio likaendelea kuuma, kipimo kirudiwe na kikatwe kwa kina zaidi. Mtego mkubwa ni kwa mgonjwa wa kisukari, ambaye anaweza kupata maambukizi makali ya bakteria aina ya Pseudomonasi yanayokula mfupa wa chini ya fuvu, na hata picha ya CT, yaani eksirei ya kompyuta, huweza kushindwa kuyatofautisha na saratani. Picha hiyo huonyesha mfupa ulioliwa, nayo MRI, picha inayopigwa kwa sumaku, huonyesha nyama laini na neva, na kwa vipimo hivyo ugonjwa hupangwa katika hatua 4 kwa mfumo wa Pittsburgh, uliopendekezwa mwaka 1990.

Saratani iliyo ya kawaida zaidi mahali hapo ni ile ya seli bapa, na tiba yake kuu ni upasuaji. Ugonjwa ukiwa bado haujapita ngoma ya sikio, daktari huondoa kwa kipande kimoja njia yote ya sikio pamoja na ngoma na vifupa viwili vya nyundo na fuawe, akiihifadhi neva ya uso, na mara nyingi huondoa pia sehemu ya tezi la mate na tezi za shingo. Kukwangua uvimbe vipandevipande hakufai, kwa kuwa mabaki yake humea upya. Ugonjwa uliokwisha kula mfupa huongezewa mionzi, ambayo kwa kawaida huchukua takribani wiki 6. Kwa mgonjwa wa Tanzania hiyo ina maana ya kukaa karibu na hospitali yenye mashine ya mionzi, kama Ocean Road jijini Dar es Salaam au Bugando jijini Mwanza, kwa hiyo nauli na malazi ni sehemu ya mpango wa tiba tangu siku ya kwanza.

Usikivu wa upande huo hupungua sana baada ya upasuaji, ingawa sikio la ndani likiwa limesalimika, kifaa kinachopitisha sauti kwenye mfupa kinaweza kumsaidia mgonjwa. Aliyekuwa na saratani ya aina ya adenoidi sistiki, ambayo hutambaa kando ya neva na huweza kujitokeza mapafuni baada ya miaka mingi, anapaswa kuendelea kuchunguzwa kifua hata pale ambapo sikio lenyewe limepona na kusahauliwa.